Programu Isiyolala si Dawa ya Git Inayochelewa

Kila mtengeneza programu anapolalamika kwamba chombo chake cha kudhibiti matoleo kinachelewa, jibu analopewa siku hizi ni lile lile: washa programu ya chinichini, iache ikimbie asubuhi hadi usiku, nawe utajibiwa papo hapo. Mtumiaji wa Git anaambiwa awashe `core.fsmonitor`. Mtumiaji wa Mercurial, chombo kingine cha kudhibiti matoleo, anaambiwa ahamie chg. Anayetengeneza programu za simu anaambiwa asakinishe kwanza Watchman, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, maswali baadaye. Ushauri huu ulizaliwa katika kampuni chache za Marekani zenye hazina za misimbo za ukubwa usio na mfano, na huko una sababu zake. Umefika Kigali bila sababu hizo. Kwa karibu kila anayeandika programu katika mji huu ni ushauri mbaya, na ubaya wake hauishii kwenye RAM inayoliwa. Unawazoeza vijana kuamini kwamba wepesi hutokana na kuacha vitu vikiwaka, ilhali historia ya Git yenyewe inaonyesha kuwa wepesi wake umetokana na kuandika vizuri kile ambacho tayari inakijua.

Kwanza tukubaliane ni nini hasa kinachochelewesha. Amri ya kudhibiti matoleo hulipa gharama za aina tatu. Ya kwanza ni ya kuamka: mfumo endeshi uipakie programu, programu isome mipangilio yake, ndipo ianze kazi. Ya pili ni ya kukagua faili: ili kukwambia umebadilisha nini, `git status` huuliza mfumo endeshi tarehe na ukubwa wa kila faili inayoifuatilia, kisha huzungukia folda kutafuta faili mpya. Ya tatu ni ya mtandao, pale unapovuta au kusukuma kazi. Gharama hizi hazifanani hata kidogo, na dawa ya mojawapo haiponyi nyingine. Git imeandikwa kwa lugha ya C na huamka katika milisekunde chache, kwa hiyo kuiweka macho siku nzima hakuiokolei kitu katika gharama ya kwanza. Programu ya chinichini haiwezi kuufupisha umbali kati ya Kigali na seva iliyoko Ulaya. Inachoweza kugusa ni gharama ya pili peke yake, na hiyo huwa kubwa kwa hazina kubwa mno tu.

Je, hazina zetu ni kubwa kiasi hicho? Tuchukue mradi ambao Rwanda ina haki ya kuuita wake kwa sehemu. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, uliwekwa Eldoret nchini Kenya mapema mwaka 2006, na mwaka huo huo ukawekwa Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, kwa kazi ya Partners In Health. Msimbo wake umeandikwa na watu wa nchi nyingi kwa muda wa miaka ishirini, na kiini chake bado kina maelfu ya faili, si mamilioni. Kwa hazina ya namna hiyo, kwenye diski ya SSD, `git status` humalizika kabla kidole hakijaondoka kwenye kibodi. Kinachowachosha wanaoujenga mradi kama huo ni Maven ikikusanya moduli na kuendesha majaribio, wala Git haihusiki. Hata kerneli ya Linux, hazina ambayo Git ilitengenezwa kwa ajili yake mwezi Aprili 2005 na ambayo leo ina makumi ya maelfu ya faili, hukaguliwa chini ya sekunde moja kwenye mashine nzuri ya kawaida. Mji ambao miradi yake ni mifumo ya malipo, huduma za umma mtandaoni kama zile za Irembo tangu 2015, programu za simu na kazi za wanafunzi wa Carnegie Mellon University Africa hauna sababu ya kujitibu kwa dawa iliyoandikiwa hazina ya msimbo wa Windows nzima.

Mara nyingi hazina ndogo ikichelewa, kuna kosa la wazi ambalo programu ya chinichini italificha tu. Kosa linaloongoza ni folda ya `node_modules` kutotajwa kwenye `.gitignore`. Git ikikuta folda nzima imepuuzwa haiingii ndani yake. Isipoambiwa hivyo, na faili hizo zikaongezwa kwenye hazina, hukagua makumi ya maelfu ya faili za watu wengine kila unapouliza hali. Kosa la pili ni la wenye Windows wanaotumia Linux ndani yake kupitia WSL. Wakiacha hazina kwenye diski ya Windows, chini ya `/mnt/c`, kila swali kuhusu kila faili hulazimika kuvuka mpaka kati ya mifumo miwili, na Git huonekana imelewa. Tiba ni kuihamishia hazina upande wa Linux, kazi ya dakika chache. Na tazama jinsi ushauri unaovuma unavyomwangusha mtu huyu: matukio ya faili zilizobadilishwa upande wa Windows hayaifikii programu ya kufuatilia iliyoko upande wa Linux, kwa hiyo mlinzi aliyewekwa macho usiku na mchana hapo ni kipofu. Atakula RAM na hataona kitu.

RAM ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo, kwa sababu hapa ndipo ushauri unapojipiga wenyewe. Kompyuta mpakato yenye GB 4 au 8 si kitu cha ajabu mikononi mwa mwanafunzi wa Kigali, na juu yake tayari kuna kivinjari, kihariri, hifadhidata na pengine kiigizi cha simu. Sasa, kwa nini `git status` ya pili huwa ya haraka kuliko ya kwanza? Ni kwa sababu mfumo endeshi, ukishasoma orodha za folda na taarifa za faili kutoka kwenye diski, huziweka kwenye RAM iliyo huru, bila kuombwa na mtu. Hiyo ni programu ya chinichini bora kuliko zote, imo ndani ya kila mashine, na inahudumia amri zote kwa usawa. Kila huduma unayoiacha ikikimbia hupunguza RAM hiyo huru. RAM ikibana, jambo la kwanza ambalo kerneli hufanya ni kutupa akiba hizo, na `git status` inarudi kusoma diski. Kwa mashine yenye GB 32 hili halionekani. Kwa mashine yenye GB 4 mtu anaweza kuwasha huduma tatu za kuharakisha na kujikuta amepunguza mwendo wa kila kitu, kisha akashauriwa kuwasha ya nne.

Wenye kutetea `core.fsmonitor` wasisahau pia jinsi ilivyoundwa. Huduma iliyojengwa ndani ya Git tangu toleo la 2.37, Juni 2022, huendesha mchakato mmoja kwa kila folda ya kazi. Mtu aliyeiwasha kwa mashine nzima na mwenye hazina ishirini anazozigusa kwa zamu hujikuta na michakato ishirini. Ilipotoka ilikuwa ya Windows na macOS tu, na wa Linux, ambao ndio wengi kwenye seva, wakaambiwa watumie Watchman. Huko Linux nako kuna kikomo cha folda ambazo mtumiaji mmoja anaruhusiwa kuzifuatilia. Kabla ya kerneli 5.11 ya mwaka 2021 kiwango cha msingi kilikuwa 8192. Kihariri kinataka sehemu yake, seva ya React inataka sehemu yake, Watchman inataka yake, na mradi mmoja wenye `node_modules` nzito unaweza kukimaliza kikomo chote, ujumbe wa kosa ukatokea mahali pasipohusiana kabisa na Git. Kinachonisumbua zaidi ni hiki: kumbukumbu ya huduma hii imo ndani ya mchakato. Kila jibu lake linabeba alama ya kikao kilichopo. Mashine ikizimwa, au huduma ikianguka, kikao kinakufa na alama ya zamani haina maana tena. Git hulazimika kukagua faili zote upya, kana kwamba haijawahi kuiona hazina hiyo. Yaani amri ya asubuhi, ile inayokutana na diski baridi na ambayo ndiyo ya polepole kuliko zote, ndiyo ambayo huduma hii haiwezi kuisaidia.

Linganisha na njia ambayo Git imeifuata tangu mwanzo. Mwenye duka anayeandika madeni kwenye daftari anaweza kufunga duka, kulala, kuugua, na kesho mtoto wake akafungua ukurasa ule ule na kuendelea. Mwenye duka anayeyashika kichwani hawezi kuondoka kaunta. Faharasa ya Git, faili inayoitwa `index`, ni daftari. Ndani yake kila faili inayofuatiliwa imeandikiwa ukubwa, tarehe na alama nyingine, ili ukaguzi uishie kwenye kulinganisha namba bila kufungua faili. Mwaka 2014 zikaongezwa ramani za biti zinazoiwezesha seva kujua haraka ni vitu gani mteja anavihitaji. Mwaka 2016 ukaja mpangilio wa `core.untrackedCache`, unaoandika ndani ya faharasa hiyo hiyo tarehe za folda ili folda ambayo haijabadilika isipekuliwe tena kutafuta faili mpya. Mwaka 2018 ikaja grafu ya komiti, faili inayoharakisha kila swali kuhusu historia. Zote hizi hubaki kwenye diski. Umeme ukikatika zipo. Mashine ikiwashwa upya zipo. Amri mbili zikienda kwa pamoja zinasoma ukweli mmoja. Hakuna mchakato wa kuua wala toleo la zamani lililobaki likijibu maswali baada ya programu kuboreshwa.

Hapa nitajibiwa kwa Microsoft, na jibu hilo lina uzito. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilieleza kwamba hazina ya Windows ilikuwa na faili zipatazo milioni 3.5 na GB 300, na kwamba kwa mfumo wake wa GVFS, baadaye VFS for Git, `git status` ilishuka kutoka dakika kumi hadi sekunde nne au tano, na kunakili hazina kutoka zaidi ya saa kumi na mbili hadi dakika chache. Siyabishii matokeo hayo. Lakini hadithi haikuishia hapo, na wanaoitaja kwa kawaida huishia hapo. VFS for Git ilitegemea huduma inayokimbia muda wote na kujifanya kwamba faili zote zipo, huku ikizivuta kutoka kwenye seva pale tu unapozifungua. Ilihitaji kushikana na kiini cha mfumo endeshi, na upande wa macOS Apple ilipoanza kuifunga milango hiyo, njia ikaziba. Mwaka 2020 Microsoft ikatangaza Scalar, ambayo iliacha kabisa mfumo wa faili wa kuigiza: badala ya kujifanya faili zipo, inamtaka mhandisi ataje folda anazohitaji, na zile nyingine hazishushwi. Scalar nayo ilianza ikiwa na huduma yake ya kukimbia chinichini kwa ajili ya matengenezo. Huduma hiyo ikaondolewa, kazi yake ikahamishiwa ndani ya Git, na mwezi Oktoba 2022 Scalar yenyewe ikaingia kwenye Git 2.38. Nakiri kwamba Scalar bado huwasha ufuatiliaji wa faili, na kwa mamilioni ya faili hata mimi ningeuwasha. Ila mwelekeo wa safari nzima uko wazi: waliokuwa na tatizo kubwa kuliko wote, na fedha kuliko wote, walipunguza kazi kwanza, wakaandika zaidi kwenye diski, na wakabakiza mchakato mmoja pale ambapo hapakuwa na njia nyingine.

Mfano wa Mercurial ni mgumu zaidi kwangu, kwa hiyo naujibu kwa ukamilifu. Mercurial imeandikwa kwa Python, na kuamsha Python pamoja na viendelezi vyake huchukua muda unaosikika kila unapoandika amri. chg, programu ndogo ya C iliyoanza kuja pamoja na Mercurial mwaka 2016, huiacha Python ikiwa macho na kuipelekea amri. Inafanya kazi, na tofauti inaonekana. Lakini ichunguze ndani uone kile inacholazimika kubeba. Seva iliyo macho ilisoma mipangilio na mazingira ya mtumiaji wakati ilipoamka. Mtumiaji akibadilisha kimojawapo, jibu lake linaweza kuwa la jana. Kwa hiyo chg hukokotoa alama ya mipangilio na ya vigezo vya mazingira, na alama nyingine ya tarehe za faili za viendelezi, na zisipolingana huwasha seva nyingine. Huo wote ni msimbo ulioandikwa kuthibitisha kwamba kumbukumbu ya mchakato haijaoza. Na waliojitolea kuiharakisha Mercurial hawakutosheka nao. Walianza kuandika `rhg`, programu ya Rust inayoamka bila Python, na katika toleo la 6.0 la mwaka 2021 wakaleta muundo mpya wa faili ya hali ya folda, unaohifadhi tarehe za folda kwenye diski ili zisipekuliwe bure. Lugha nyepesi ya kuamka, na daftari bora zaidi. chg ilikuwa bandeji halali juu ya jeraha la lugha, na asiye na jeraha hilo, yaani mtumiaji wa Git, hana cha kufunga.

Pingamizi la tatu ni la Kigali hasa. Rwanda haina pwani. Kila ombi letu kwenda nje hupita Uganda na Kenya au Tanzania mpaka baharini, kisha nyaya za chini ya bahari. Mtandao wa 4G umekuwapo tangu 2014, nyuzi zimefika maofisini, lakini umbali haujapungua, na kuvuta kazi kutoka seva ya mbali kunangojewa. Si afadhali basi kitu kikae chinichini kikivuta mapema? Ni afadhali, na Git inafanya hivyo bila mchakato usiolala. Tangu mwisho wa mwaka 2020, `git maintenance start` huandikisha kazi kwa mpangaji ratiba wa mfumo endeshi wenyewe. Kila saa Git huamshwa, huvuta vitu vipya na kuviweka pembeni bila kugusa matawi yako, huandika upya grafu ya komiti, kisha huondoka. Kwa mwenye mtandao wa ofisini hili ni neema: utakapovuta kwa mkono, sehemu kubwa tayari imefika. Anayelipia bando kwa MB anaweza kuizima kazi hiyo peke yake na kuacha zilizobaki. Kazi ya chinichini sikuipinga. Ninachokataa ni kuifunga kwenye mchakato unaoishi muda wote, ukiwa na kumbukumbu yake ya siri, wakati kuna njia ya kuamka, kufanya, kuandika na kuondoka.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwamo. Siku kama hiyo hupima falsafa zote mbili. Aliye na nakala kamili ya hazina kwenye diski yake anaweza kusoma historia yote, kufungua tawi, kulinganisha matoleo na kukomiti mpaka nyaya zirudi. Anayetegemea huduma inayovuta kila faili pale anapoifungua ana orodha ya majina na hana faili. Linus Torvalds aliitengeneza Git ili kila mtu awe na historia yote mkononi, na kwa nchi iliyo mbali na bahari hiyo ni kinga ambayo haifai kuuzwa kwa ajili ya sekunde mbili.

Wapo watakaosema: kihariri changu tayari kina huduma tano za chinichini zinazosoma msimbo, ya sita ina ubaya gani? Ubaya ni kwamba kihariri kikikosea, utaona mstari mwekundu usiostahili na utaendelea. Chombo cha kudhibiti matoleo kikikosea kuhusu faili ipi imebadilika, utakomiti kazi isiyokamilika ukiamini imekamilika. Kinapaswa kuaminika kuliko kila kitu kingine kwenye mashine, na njia rahisi ya kukifanya kiaminike ni kukifanya kiulize ukweli kila mara. Tena, mifumo endeshi miwili inayotumiwa sana kwenye meza tayari ina daftari la mabadiliko: NTFS ya Windows huandika kumbukumbu za mabadiliko ya faili kwenye diski yenyewe, na macOS huhifadhi matukio ya FSEvents ili programu iliyolala iweze kuuliza kilichotokea tangu tukio fulani. Linux ndiyo iliyobaki nyuma, kwa kuwa inotify, njia yake ya kutoa taarifa za mabadiliko ya faili, husahau yote pale msikilizaji anapoondoka. Nguvu zinazomwagwa kwenye kuandika walinzi wapya zingemwagwa kwenye kuipa Linux daftari kama hilo, kila chombo kingenufaika kwa pamoja.

Kwa anayefundisha vijana hapa Kigali, au anayeongoza timu, ombi langu ni la kupimika. Kabla ya kuwasha huduma yoyote, endesha amri inayolalamikiwa ukiwa umeweka `GIT_TRACE2_PERF=1`; Git itakuorodheshea hatua kwa hatua muda umepotelea wapi. Kagua `.gitignore`. Ihamishe hazina kutoka `/mnt/c` kama iko huko. Weka `feature.manyFiles` kuwa kweli, mpangilio ambao huwasha akiba ya folda na muundo mfupi wa faharasa, kisha endesha `git maintenance start` na upime tena kesho yake, mashine ikiwa ndiyo kwanza imewashwa. Ikiwa baada ya hayo yote hazina bado inakungojesha kwa sekunde, na orodha ile inaonyesha kwamba zinapotelea kwenye ukaguzi wa faili, basi una hazina ya aina ambayo `core.fsmonitor` ilitengenezewa, na uiwashe kwa hazina hiyo peke yake. Anayenipinga aniwekee mezani vipimo hivyo vya mradi wake, vya kabla na vya baada, pamoja na RAM iliyobaki huru kwenye mashine.